Kichujio cha barua pepe cha ofisi: anza na mtumaji na kiambatisho, matusi yaje mwisho

Ofisi nyingi hapa Dar es Salaam zikiamua kuchuja barua pepe huanza na orodha ya matusi. Mtu anapakua orodha ya maneno machafu ya Kiingereza, anaibandika kwenye mipangilio, anachagua amri ya kufuta, kazi imekwisha. Wiki haiishi, mhasibu anaanza kulalamika kwamba wateja wanasema wametuma uthibitisho wa malipo na yeye hajaona kitu. Wakati huohuo barua iliyobeba kirusi imepita bila kuguswa, kwa sababu haina tusi hata moja. Barua ya hatari huja na heshima zote: "Habari za kazi, tafadhali pokea ankara iliyoambatishwa, asante kwa ushirikiano."

Ndiyo maana nashauri mpangilio wa kinyume. Kwanza hakikisha mtumaji ni yeye kweli, pili zuia aina za viambatisho zinazoendesha programu, tatu shughulikia majina ya kughushi na habari za fedha, na maneno machafu yashike mkia. Kuna jambo moja la kushikilia kuanzia mwanzo hadi mwisho: barua iliyoshukiwa iende karantini, yaani sanduku la pembeni inakosubiri mtu aikague, isifutwe. Barua ikifutwa, hutajua umepoteza nini.

Barua zinaingilia wapi?

Kabla ya kugusa kanuni yoyote, angalia rekodi za MX za domeni yenu, yaani zile zinazotaja seva zinazopokea barua zenu. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika:

`nslookup -type=mx domeni-yenu`

Jibu likionyesha seva za huduma mnayolipia, pamoja na seva nyingine ya kampuni ya zamani ya hostingi iliyoachwa "kwa akiba", kichujio chenu kina mlango wa nyuma. Watumaji wa barua taka hulenga kwa makusudi MX yenye namba kubwa ya kipaumbele, wakijua mara nyingi hiyo ndiyo isiyo na ulinzi. Iondoe.

Kosa la pili huonekana kwa waliohamishia barua Google Workspace au Microsoft 365 huku tovuti ikibaki cPanel, paneli ya kusimamia hostingi. Ndani ya cPanel, sehemu ya Email Routing inakuwa bado ipo kwenye Local Mail Exchanger. Matokeo yake, ujumbe wa fomu ya mawasiliano ya tovuti, na barua ya mteja mwingine yeyote aliye kwenye seva hiyohiyo, huishia kwenye sanduku la zamani ambalo hakuna anayelifungua. Badilisha iwe Remote Mail Exchanger.

SPF, DKIM na DMARC

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yenu. DKIM ni saini inayowekwa kwenye kila barua inayotoka. DMARC humwambia mpokeaji aifanye nini barua isiyopita kwa SPF wala kwa DKIM ya domeni inayoonekana kwenye From. Zote tatu huandikwa kama rekodi za TXT (za maandishi) kwenye DNS, daftari la intaneti la domeni na seva zake. Ofisi inayotumia Google Workspace peke yake huandika SPF hivi:

`v=spf1 include:_spf.google.com ~all`

Hitilafu tatu hujirudia. Ya kwanza ni kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya hostingi na nyingine ya Google. Sheria ya SPF inataka moja tu, zikiwa mbili mpokeaji anahesabu ni kosa na hazisaidii kitu. Ziunganishe kwenye mstari mmoja. Ya pili ni kurundika `include` hadi mpokeaji alazimike kuuliza DNS zaidi ya mara 10, ambao ndio ukomo. Ya tatu ni ya DKIM: ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, ambazo ndizo kiwango cha juu cha kipande kimoja cha TXT. Baadhi ya paneli za DNS hukata mkia kimyakimya. Baada ya kuhifadhi, soma rekodi upya kwa `nslookup -type=txt` na uilinganishe na ulichonakili hadi herufi ya mwisho.

DMARC huanza kwa upole, kwenye jina `_dmarc`:

`v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@domeni-yenu`

Iache kwenye `none`, isiyozuia chochote, wiki kadhaa na usome ripoti zinazokuja. Humo ndimo utakapogundua watumaji waliosahauliwa: mfumo wa ankara, mashine ya kopi inayoskani na kutuma, huduma ya kutuma matangazo. Wasajili wote, kisha panda hadi `p=quarantine`, halafu `p=reject`. Ukikimbilia `reject` siku ya kwanza, ankara zenu wenyewe zitakataliwa kwa wateja. Na tangu Februari 2024 Google inadai DMARC kwa anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wake, na Yahoo inadai hivyohivyo kwa watumaji wa barua nyingi. Hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na SPF au DKIM. Kwa hiyo kazi hii mtaifanya tu, hata kama hamna haja ya kichujio.

Kwa barua zinazoingia, kichujio husoma matokeo ya ukaguzi huu kwenye kichwa cha barua kiitwacho `Authentication-Results`. Kanuni ya kwanza kabisa kuweka ni hii: barua inayotoka nje, inayodai kutoka domeni yenu, na ina `dmarc=fail`, iende karantini. Kwenye Google Workspace ingia Apps, Google Workspace, Gmail, kisha Safety. Humo mna swichi ya kuzuia barua zinazojifanya za domeni yenu, nyingine ya domeni zinazofanana na yenu, na nyingine ya majina ya wafanyakazi. Washa zote tatu, chagua Quarantine. Subira inahitajika, maana mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuenea.

Jina la mfanyakazi lina mtego wake. Barua inasema "Mkurugenzi" kwa jina lake kamili, lakini anwani ni ya Gmail iliyofunguliwa jana. Domeni ya gmail.com ni halali, kwa hiyo SPF na DKIM zote zinapita. Kinachoikamata ni kulinganisha jina na anwani. Kama bosi kweli hutuma kutoka simu yake kwa anwani binafsi, ruhusu anwani hiyo moja kamili. Usiruhusu gmail.com nzima. Hili ndilo kosa linalofungua kichujio kuliko kosa lingine lolote, na hufanywa kwa haraka siku bosi anapokasirika.

Viambatisho

Hapa ndipo kichujio kinapoleta faida kubwa kwa kazi ndogo. Orodha ya kuzuia moja kwa moja:

exe, scr, com, pif, bat, cmd, vbs, vbe, js, jse, wsf, hta, ps1, lnk, jar, msi, iso, img, vhd, one.

Hakuna mteja wala msambazaji anayewatumia faili la aina hizi kwa sababu ya kawaida. Wengine hushangaa iso na one zinafanya nini humo. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro (vijiprogramu vilivyomo ndani ya faili) kwenye faili za Office zilizotoka intaneti. Wahalifu wakahamia kwenye iso, ambayo wakati ule faili za ndani yake hazikubeba alama ya kutoka intaneti, kisha lnk, kisha mwanzoni mwa 2023 wakaingia OneNote. Wakizuiwa hapa hutafuta njia nyingine, kwa hiyo orodha hii ipitiwe upya walau mara mbili kwa mwaka.

Kundi la pili liende karantini, lisikataliwe: docm, xlsm, html, htm, svg, na zip au rar yenye nywila. Faili la html lililoambatishwa karibu kila mara ni ukurasa wa uongo wa kuingilia akaunti. Mfanyakazi anafungua, anaona alama ya Microsoft, anaandika nywila yake. Kwa kuwa ukurasa unafunguka kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, kikagua linki hakina cha kukagua. Zip yenye nywila nayo haikaguliki kirahisi: kizuia virusi hakiwezi kuona ndani, na mhalifu huandika nywila hiyohiyo kwenye barua. Ila benki na wakaguzi wa hesabu nao hutuma hivyo, ndiyo maana tunaiweka pembeni ili mtu aiangalie kwanza.

Kagua kwa aina halisi ya faili, na jina lake lote. "Ankara_0417.pdf.exe" kwenye Windows iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani huonekana "Ankara_0417.pdf", kwa sababu Windows huficha kiendelezi cha mwisho kinachojulikana. Kichujio kinachoangalia tu kama jina lina "pdf" kitaipitisha.

Kwa wakala wa forodha wa bandarini au mwagizaji wa mzigo wa Kariakoo, ushauri wa "usifungue kiambatisho cha usiyemjua" hauna maana. Kazi yake yote ni kupokea hati za meli, orodha za mzigo na proforma kutoka kwa watu asiowajua. Ofisi kama hiyo isizuie wageni. Ikaze aina za faili. PDF na xlsx ziingie zikikaguliwa na kizuia virusi, vilivyobaki visubiri.

Fedha

Barua inayoumiza zaidi kuliko kirusi ni ile ya "tumebadilisha akaunti ya benki." Weka kanuni: barua kutoka nje, yenye maneno kama "akaunti mpya", "tumebadilisha akaunti", "new bank details" au "change of account", na ambayo domeni ya `Reply-To` ni tofauti na ya `From`, iende karantini. Ikiwa na maneno hayo tu bila tofauti ya anwani, ipite, ila iongezewe onyo juu ya kichwa cha habari, mfano "[NJE - HAKIKI MALIPO]".

Lakini sanduku la msambazaji likiwa limedukuliwa kweli, barua itatoka kwenye seva yake halali na kupita kila ukaguzi. Hapo hakuna kichujio. Inabaki kumpigia simu kwa namba iliyokuwa kwenye mafaili yenu tangu zamani, kamwe isiwe namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Vivyo hivyo kwa kontroo namba inayoletwa kwa barua pepe kudai ni ya ada ya serikali: ihakikiwe kwenye mfumo wa taasisi husika kabla ya kulipa.

Sasa matusi

Tatizo la orodha za Kiingereza ni kwamba nyingi hutafuta mfuatano wa herufi popote ulipo, na Kiswahili huunganisha viambishi na mizizi hadi mfuatano wowote unaweza kutokea. Herufi a-n-a-l, ambazo kwenye orodha hizo ni neno la ngono, zimo ndani ya "analipa" na "analeta". Hebu fikiria idara ya mikopo isiyopokea barua yoyote yenye neno "analipa". Herufi a-s-s zimo kwenye Hassan, Kassim na Massawe. Neno la Kiingereza la kinyesi limo ndani ya "mashitaka" na "mshitakiwa", kwa hiyo ofisi ya mawakili haipati barua. Herufi t-i-t zimo kwenye anwani ya kila kampuni iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Orodha za Kiswahili zilizotungwa kienyeji hazina nafuu. Tusi la herufi nne linaloanza na k limo ndani ya "kumaliza" na "kumaanisha". Neno la makalio limo ndani ya "atakosa" na "atakopa".

Dawa ni mpaka wa neno, ambao kwenye rejeksi (regex, lugha ya kutafuta mpangilio wa herufi) huandikwa `\b`. Kwenye Google Workspace ingia sehemu ya Compliance, kisha Content compliance, na uepuke chaguo la Contains text. Chagua Matches regex. Kwa kuwa viambishi vya ngeli hubadilika, mzizi mmoja unahitaji matawi yake:

`(?i)\b(m|wa|u|ki|vi)pumb[a4@]vu\b`

Kanuni hii inakamata mpumbavu, wapumbavu, upumbavu, kipumbavu, na ile ya mjanja anayeandika "mpumb4vu". Haigusi kitu kingine. Fuata muundo huo kwa kila tusi mnalolitaka, na tusi la wazazi liandikwe kama kirai kizima, kwa `\s+` kati ya maneno, kwa sababu kila neno lake peke yake ni la heshima.

Viungo vya mwili na neno "ngono" visiwekwe kwenye orodha. Dar imejaa zahanati, maduka ya dawa na mashirika ya afya ambayo barua zake za kila siku zinazungumzia ngono salama, uzazi na magonjwa. Kuzizuia ni kuwanyima watu huduma.

Kingine ni uzito. Neno moja lisitoshe kuizuia barua. Kwenye SpamAssassin, programu ya seva inayochuja barua taka kwa kuzipa alama, ambayo kizingiti chake cha kawaida ni alama 5, andika kwenye `local.cf`:

`body OFISI_TUSI_1 /\b(m|wa|u|ki|vi)pumb[a4@]vu\b/i`
`score OFISI_TUSI_1 2.0`

Alama 2 peke yake haizuii. Mteja aliyekasirika akiandika neno moja kali, malalamiko yake yatafika, na yanapaswa kufika. Mtumaji asiyejulikana mwenye matusi matatu tofauti na linki ya ajabu atavuka 5 bila shida. Baada ya kuhariri, endesha `spamassassin --lint`. Isipotoa neno, mambo yako sawa. Usipofanya hivyo, mstari wenye kosa unaweza kurukwa nawe ukadhani unafanya kazi.

Kwenye hostingi ya pamoja ya cPanel kwa kawaida huruhusiwi kuandika kanuni hizo, unabaki na Global Email Filters. Fahamu udhaifu wake: Exim, programu inayosafirisha barua kwenye cPanel, huangalia sehemu ya mwanzo tu ya mwili wa barua, na huiangalia kabla haijafumbuliwa. Barua iliyosimbwa kwa base64, kama zilivyo nyingi, itapita hata ikijaa matusi mstari wa kwanza. Kwa hiyo hapo tumia vichujio vya From na Subject tu, na kazi ya mwili wa barua waachie SpamAssassin. Auto-Delete, inayofuta barua taka yenyewe, izime. Ukilazimika kuiwasha, iwe alama 10 kwenda juu.

Kuna pia ile sehemu ya SpamAssassin inayojifunza yenyewe, Bayes. Haianzi kuhukumu hadi ipate barua taka 200 na barua nzuri 200. Wengi huilisha taka peke yake. Ilishe barua nzuri za Kiswahili za ofisi yenu kwa `sa-learn --ham`, la sivyo itachukulia Kiswahili chenyewe kuwa cha ajabu. Na kumbuka picha: kichujio cha maneno hakisomi maandishi yaliyomo ndani ya picha, wala msimbo wa QR unaompeleka mtu kwenye tovuti ya wizi.

Nani anafungua karantini

Chagua watu wawili, mmoja awepo mwingine akiwa likizo, waipitie asubuhi na mchana. Google hushikilia barua siku 30 kisha huifuta. Barua ya vitisho au ya kumdhalilisha mfanyakazi ihifadhiwe nzima pamoja na vichwa vyake vyote, kwa sababu ndiyo ushahidi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Picha ya skrini haionyeshi ilipita seva zipi. Wanaofungua karantini wanaona mambo binafsi ya watu, mishahara na magonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu. Waandikiwe ruhusa hiyo kwa maandishi, na wafanyakazi wote waambiwe kuwa barua zinachujwa.

Mtumaji halali akinaswa mara kwa mara, mruhusu kwenye SpamAssassin kwa `welcomelist_auth`, ambayo kwenye matoleo ya kabla ya 4.0 huitwa `whitelist_auth`. Hii inataka SPF au DKIM ipite. `whitelist_from` inaamini tu kilichoandikwa kwenye From, ambacho mtu yeyote anaweza kukighushi.

Kujaribu

Kizuia virusi kinajaribiwa kwa faili la EICAR, maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara ambayo vizuia virusi vimekubaliana kuyakamata. Usilitume kutoka Gmail, itakataa kulituma na utadhani kichujio chako ndicho kilichofanya kazi. Barua taka hujaribiwa kwa mstari wa GTUBE, ambao SpamAssassin huupa alama 1,000.

Kichujio cha maneno kijaribu kwa barua inayopaswa kupita. Tuma hii kutoka akaunti ya nje:

"Ndugu Massawe wa Barabara ya Bibi Titi Mohamed analipa Ijumaa. Asipolipa atakosa nafasi ya kumaliza mashitaka."

Isipofika, fungua karantini uangalie ni kanuni ipi iliyoishika. Kwenye SpamAssassin jina lake limeandikwa kwenye kichwa `X-Spam-Status`. Weka `\b` pande zote mbili za neno hilo, hifadhi, kisha itume tena.